Kilometa Elfu Moja na Mdogo Wangu: Safari ya Milima ya Kanada

Wahenga walisema tembea uone. Mimi ni muuguzi, na kwa zaidi ya miaka 20 safari zangu zimekuwa ni kutoka nyumbani kwenda wodini, kutoka wodini kwenda na akina mama wa kanisa kutembelea wagonjwa, kisha kurudi nyumbani kupika. Kwa hiyo mdogo wangu anayeishi Calgary, nchini Kanada, aliponitumia tiketi ya ndege ya mwezi wa Agosti 2025, majirani walifurahi kuliko mimi mwenyewe. Mimi nilikuwa na sababu ya kusita. Nitaieleza, wasomaji wapenzi, kwa sababu bila hiyo habari ya safari hii haitakuwa kamili.

Mama yetu alipatwa na kiharusi mwaka 2015. Nilimuuguza nyumbani kwetu Moshi kwa miaka minne, hadi alipofariki mwaka 2019. Mdogo wangu alikuwa Kanada tangu 2008. Kila mwezi alituma pesa za dawa, tena bila kukosa. Lakini mama alipofariki, yeye alifika tukiwa tumekwisha kuzika. Alisimama kaburini, akalia, akakaa wiki moja, akaondoka. Tangu siku hiyo tulisalimiana kama watu wanaokutana sokoni. Yeye alikuwa na neno moyoni, na mimi nilikuwa na langu.

Mume wangu ndiye aliyenisukuma. "Nenda, mama watoto," aliniambia. "Nyumba nitabaki nayo mimi. Ndugu ni ndugu."

Nilipofika, nikamkuta mdogo wangu amekwisha kupanga safari ya gari ya siku nne, mimi na yeye na binti yake wa miaka 12, kutoka Calgary hadi mji wa Vancouver ulio kando ya Bahari ya Pasifiki. Ni kilometa zipatazo 970, yaani kama kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kusonga mbele kidogo. Yeye alitaka tuongeze kilometa nyingine kama 250 ili nikaone barafu. Usiku ule tulipika chapati, tukachemsha mayai, tukajaza chai kwenye chupa mbili, na alfajiri tukaondoka.

Madaraja ya wanyama

Calgary uko kwenye nchi tambarare ya malisho. Unaendesha unaona nyasi na ng'ombe, na mbele kabisa mstari wa buluu ambao mgeni hudhani ni mawingu. Kadiri tulivyokwenda mstari ule uliinuka, na baada ya saa moja na nusu hivi tulikuwa katikati ya milima ya mawe matupu, mirefu, imesimama kama kuta za nyumba ambayo paa lake limeondolewa. Miguuni mwake imejaa misonobari iliyosongamana. Hiyo ndiyo hifadhi ya Banff, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1885.

Kilichonishangaza kwanza hakikuwa milima. Yalikuwa madaraja yanayopita juu ya barabara, mapana, yameota nyasi na miti, wala hakuna gari wala mtu juu yake. Binti wa mdogo wangu alicheka mshangao wangu. "Ni ya wanyama, Mama mkubwa!"

Kumbe barabara hii kuu imewekewa uzio mrefu pande zote mbili, na wanyama wametengenezewa njia zao, sita juu ya barabara na 38 chini yake. Kulungu walizoea mapema, lakini dubu walichukua miaka kadhaa kuziamini. Sasa kamera huwanasa dubu majike wakivuka na watoto wao nyuma. Tangu njia hizo zijengwe, ajali za magari na wanyama wakubwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nilikumbuka barabara yetu inayokatiza hifadhi ya Mikumi, na wanyama tunaowakuta wamelala kando yake wamegongwa. Nikasema moyoni, hili nalo linawezekana.

Tulilala karibu na Ziwa Louise, lililopewa jina la binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Asubuhi na mapema tulikwenda kuliona kabla maegesho hayajajaa. Maji yake yana rangi ya kijani na buluu iliyochanganyika na maziwa kidogo, hata ukadhani mtu amemwaga rangi. Sababu yake ni hii: barafu iliyo juu ya milima husaga mawe polepole hadi yakawa unga mwembamba kama wa muhogo. Unga huo huteremka na maji, ukabaki unaelea ziwani, na jua likipiga ndipo unapata rangi ile. Maji yenyewe ni baridi kiasi kwamba nilitia vidole vitatu tu, nikavitoa.

Tulipiga picha nyingi. Tulitabasamu katika zote. Lakini mpaka wakati ule tulikuwa hatujazungumza jambo lolote zaidi ya chakula, watoto na hali ya hewa.

Barafu inayorudi nyuma

Kutoka Ziwa Louise kuna barabara inayokwenda kaskazini hadi mji wa Jasper, urefu wa kilometa 232. Watu wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa barabara nzuri kuliko zote duniani, nami siwapingi. Hakuna malori ya mizigo, hakuna miji, na sehemu kubwa ya njia simu haishiki. Kushoto na kulia ni vilele vyenye theluji, maporomoko ya maji membamba kama nyuzi, na maziwa ambayo kila moja lina buluu yake. Mahali pa juu kabisa panapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Tuliwaona kondoo wa mlimani wenye pembe zilizojikunja, wanalamba chumvi kando ya lami bila haraka yoyote. Jasper wenyewe hatukuufikia. Moto wa msituni wa Julai 2024 uliteketeza karibu theluthi moja ya majengo ya mji ule, na mdogo wangu alisema angependa kwenda siku nyingine, siyo kama mtalii wa kupita.

Tuliishia kwenye barafu ya Athabasca. Ni ulimi mkubwa wa barafu unaoteremka kutoka uwanda wa barafu wa Columbia, ambao maji yake hugawanyika na kwenda katika bahari tatu: Pasifiki, Atlantiki na Aktiki. Unaegesha gari, unapanda kwa miguu kwenye kokoto tupu, na njiani unakuta vibao vyenye miaka. Kila kibao kinaonyesha ukingo wa barafu ulikuwa wapi mwaka ule. Mahali palipokuwa na barafu nene, leo ni mawe na vumbi. Tangu katikati ya karne ya 19 barafu hii imerudi nyuma zaidi ya kilometa moja na nusu, na wanasayansi wanasema ni kwa sababu dunia inazidi kupata joto kutokana na mafuta na makaa ya mawe tunayochoma.

Sisi tuliozaliwa chini ya Kibo hatuhitaji kuelezwa sana. Wazee wetu walikuwa wakituonyesha kwa kidole theluji ilipokuwa inafika walipokuwa watoto.

Yule binti alikimbia mbele yetu. Kila akifika kwenye kibao alipaza sauti, "Mama mkubwa, mwaka huu ulikuwa wapi?" Kwenye mingi nilijibu kwamba sijazaliwa. Tukafika kwenye kibao cha 1992.

"Mwaka huu nilimaliza darasa la saba," nikamwambia. "Na mama yako alikuwa na miaka tisa. Bibi yako alikuwa anauza ndizi sokoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka mama yako shuleni."

Mtoto akaendelea kupanda. Mdogo wangu akabaki amesimama pale, ameingiza mikono ndani ya koti. Akasema bila kunitazama, "Dada, kwa nini mliniambia mama anaendelea vizuri?"

Nilijibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilimwuliza yeye alikuwa wapi nilipokuwa nikimgeuza mama kitandani saa nane za usiku. Nilimwambia kwamba pesa haifui mashuka. Hakujibu. Tukashuka, tukaingia garini.

Wasomaji wapenzi, fikirini kurudi kilometa zaidi ya 120 katika gari lenye ukimya, simu hazina mtandao, mtoto amelala kiti cha nyuma, na nje uzuri wa Mungu umetandazwa pande zote. Hakuna pa kukimbilia. Nyumbani ningesingizia sufuria jikoni. Hapa nilikuwa nimefungwa mkanda.

Ndipo nikamwambia ukweli ambao sikuwa nimemwambia hata mume wangu. Mama alipopata nimonia mara ya mwisho, daktari aliniita pembeni. Sikuhitaji maelezo marefu, kwani dalili zote nilikuwa nimeziona mwenyewe. Siku ileile mdogo wangu alipiga simu, nami nikamwambia, "Mama anaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi." Siku 11 baadaye mama akafariki.

Mimi ambaye kazini huwaambia ndugu za wagonjwa ukweli kwa upole, kwamba kama kuna mtoto aliye mbali aitwe sasa, nilimficha ndugu yangu wa tumbo moja. Siku zote nilijitetea kwamba sikutaka kumtia hofu mtu aliye mbali. Sivyo tu. Nilikuwa na hasira. Kwa kuwa mzigo nilikuwa nimeubeba peke yangu, nilitaka na kumuaga mama niwe peke yangu.

Mdogo wangu aliendesha gari muda mrefu. Kisha akasimamisha kando ya ziwa moja ambalo jina lake sikulishika, akazima injini. "Na mimi nilipenda kuambiwa hivyo," akasema. "Kila uliposema mama hajambo, nilituma pesa nikalala usingizi. Sikuuliza swali la pili kwa sababu niliogopa jibu."

Tulilia. Mtoto alipoamka tulimwambia ni upepo.

Reli, na wake waliobaki nyumbani

Siku ya tatu tulivuka kuingia jimbo la British Columbia kupitia kijia cha milimani cha Kicking Horse. Hapo reli ya kwanza ilikuwa na mteremko mkali mno, na treni zilikuwa zikishindwa kusimama. Mwaka 1909 wahandisi walifungua mahandaki mawili yanayojizungusha ndani ya milima kama ngazi ya mviringo, ili mteremko uwe wa taratibu. Treni ya mizigo ikiwa ndefu, unaweza kuona kichwa chake kinatoka shimoni wakati mkia bado haujaingia.

Mbele zaidi ni Rogers Pass, mahali penye maporomoko ya theluji ya kutisha. Mwaka 1910 theluji iliwafukia wafanyakazi 58 wa reli waliokuwa wakiondoa theluji ya maporomoko yaliyotangulia. Thelathini na wawili kati yao walikuwa Wajapani. Leo wakati wa baridi barabara hufungwa kwa muda, na wanajeshi hupiga mizinga mlimani ili theluji ianguke wakati hakuna mtu chini yake. Ni kazi ya kinga, nami muuguzi niliipenda: hawangoji ajali ndipo watafute machela.

Alasiri tukafika Craigellachie, mahali padogo tu kando ya barabara. Hapa, tarehe 7 Novemba 1885, ulipigwa msumari wa mwisho wa reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya Kanada. Kuna picha maarufu ya siku ile, wakubwa wa kampuni wamevaa kofia, mmoja ameshika nyundo. Vibarua Wachina wapatao 15,000 walifanya kazi katika sehemu ya British Columbia, wakilipwa pungufu kuliko wazungu, na kwa uchache 600 walikufa. Niliwatafuta katika picha ile. Sikuwaona.

Jambo lililonikaa rohoni ni lile lililofuata. Mwaka uleule wa 1885 serikali iliweka kodi ya dola 50 kwa kila Mchina anayeingia nchini. Kufikia 1903 ilikuwa dola 500, pesa ambayo kibarua hakuweza kuipata ili amlete mke wake. Mwaka 1923 ikapitishwa sheria iliyowazuia Wachina karibu wote wasiingie, na haikufutwa hadi 1947. Fikiria, mama mwenzangu: mume yuko ng'ambo, wewe uko kijijini na watoto, mnazeeka kwa barua. Wengine hawakuonana tena. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi mwaka 2006, na wengi wa wanawake wale walikuwa wamekwisha kufa.

Tulikaa kwenye benchi tukinywa chai. Mdogo wangu alisema, "Mimi nilikuwa na simu, Dada. Wao hawakuwa nayo." Kisha akaniuliza lile ambalo nilijua litakuja. "Mama mdogo je? Nieleze kama unavyowaeleza ndugu za wagonjwa wako."

Mama yetu mdogo ndiye pekee aliyebaki katika wazazi wetu. Ana kisukari, na kwenye simu siku zote nilikuwa nikisema yuko salama. Siku ile nilieleza yote: figo zimeanza kushindwa kazi, miguu inavimba, macho yamefifia, na daktari amesema tusihesabu miaka mingi. Mdogo wangu aliuliza swali la pili, na la tatu, na la nne. Nikajibu yote. Tulifika Kamloops kukiwa bado na mwanga, maana wakati wa kiangazi jua la huko huchelewa sana kuzama.

Kuelekea baharini

Siku ya mwisho nchi ilibadilika. Kamloops ni kukavu, vilima vya rangi ya udongo na vichaka vifupi, kama mtu anayetoka Moshi akateremka kuelekea Same. Halafu barabara kuu ya Coquihalla, iliyofunguliwa 1986, inapanda tena milimani na kushuka kwenye misitu minene yenye unyevu. Mwezi wa Novemba 2021 mvua kubwa iliikata barabara hii mahali pengi na kubomoa madaraja. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana, na baada ya wiki tano malori yakaanza kupita tena.

Jioni tukaingia Vancouver, jiji lenye milima nyuma na bahari mbele. Katika bustani kubwa ya Stanley tulitembea kwenye njia inayofuata ufuko, tumeshikana mikono kama wakati ule wa kwenda shule. Binti alitupiga picha kwa nyuma. Katika picha zote za safari, hiyo ndiyo niliyoiweka sebuleni.

Kwa mama anayejiandaa na safari ndefu

Kabla sijamaliza, nitoe ushauri kidogo wa kiuguzi na wa kawaida kwa atakayejaliwa kupita njia hii, au njia yoyote ndefu.

Simama kila baada ya saa mbili, utembee dakika kumi. Kukaa muda mrefu huleta uvimbe wa miguu, na wakati mwingine damu huganda kwenye mishipa. Kunywa maji, usijinyime kwa kuogopa kutafuta choo. Dawa zako za presha au kisukari ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye buti la gari.

Hata Agosti, beba sweta na koti, maana hewa ya kwenye barafu ni kali. Jaza mafuta kabla ya kuingia barabara ya Jasper, kwani vituo ni vichache mno. Wanyama usiwalishe wala usiwasogelee: dubu mwache mita 100, kulungu na kondoo mita 30. Usikanyage barafu bila kiongozi, kwa kuwa ina nyufa zilizofunikwa. Na anayepita milima ya British Columbia kuanzia Oktoba mosi, sheria inamtaka awe na matairi ya baridi.

La mwisho halimo katika vitabu vya wasafiri. Kama una ndugu aliye mbali, mwambie ukweli wa nyumbani. Mwambie polepole, mwambie kwa upendo, lakini mwambie mapema, akiwa bado ana nafasi ya kukata tiketi. Na wewe uliye mbali, uliza swali la pili.

Desemba ile mdogo wangu alikuja nyumbani na wanawe, kama Wachaga wote wanavyorudi mwisho wa mwaka. Alikaa wiki tatu. Kila asubuhi alimwogesha mama mdogo, akampaka mafuta miguuni, akamkalisha uani chini ya migomba. Siku moja mawingu yaliondoka na Kibo akaonekana wote. Mama mdogo, ambaye haoni vizuri, akauliza kama theluji bado ipo.

"Ipo, mama," mdogo wangu akamjibu. Kisha akanitazama, akaongeza, "Lakini imepungua."